Abiria wa Jahazi Moja: Khutba Juu ya Fitina Katika Vyuo Vikuu

KHUTBA YA KWANZA

Shukrani na sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone dhaifu, kisha akamtukuza kwa elimu, akamfunza kwa kalamu yale ambayo hakuwa akiyajua. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, tunamwomba maghufira, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, asiye na mshirika, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola, mpe rehema na amani yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlio mbele yetu msikitini, na mnaotusikiliza kwa njia ya redio majumbani, madukani na vyomboni, tunaziusia kwanza nafsi zetu, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani hakuna jambo linalomhifadhi mja wakati wa utulivu na wakati wa fitina kama ucha Mungu.

Ndugu Waislamu, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloingia katika nyumba zetu nyingi, wala halichagui dini wala kabila. Jambo hilo ni fitina na machafuko yanayozuka mara kwa mara katika vyuo vikuu: mgomo unaotangazwa, mawe yanayorushwa, mabomu ya machozi yanayopigwa, chuo kinachofungwa, na mtoto anayerudi nyumbani na sanduku lake kabla ya wakati wake, ilhali mama yake hajui amuulize nini.

Pengine mtu atasema: Khatibu ana haja gani na mambo ya vyuo vikuu? Hayo ni mambo ya serikali na ya wasomi. Tunamjibu kwa kusema kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) katika pango la Hiraa lilikuwa amri ya kusoma. Umma ulioanza kwa amri hiyo hauwezi kuketi kimya pale mahali pa kusoma panapogeuka mahali pa kukimbizana. Na tena, kijana aliyeko chuoni ni amana. Amelipiwa kwa kodi ya mkulima wa karafuu na wa korosho, kwa samaki wa mvuvi, na kwa mama aliyeuza maandazi alfajiri. Wengi wa hao hawakupata kukanyaga hata mlango wa shule ya sekondari. Amana ikiharibika, wenyewe wana haki ya kuuliza: nani ameiharibu?

Basi na tuitazame kwanza historia, kwani mwenye akili huwaidhika kwa yaliyowapata waliomtangulia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kichanga chenye wanafunzi wasiofika 20, wote wakisoma sheria. Hazikupita hata siku nyingi ila kikapata mtihani wake wa kwanza mkubwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mpaka Ikulu, wakipinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kuingia katika Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango huo ulikuwa wa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo msomi angepokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Miongoni mwa mabango waliyoyachukua lilikuwamo lililosema kuwa afadhali ulikuwa wakati wa ukoloni. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akaghadhibika, na wanafunzi 393 wakarudishwa makwao.

Lakini tazameni, ndugu zangu, yaliyofuata. Siku ile ile Rais alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikiri kwa kitendo hicho kuwa, pamoja na ubaya wa maneno ya vijana, swali la mishahara ya wakubwa lilikuwa swali la haki. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha lililowawekea viongozi masharti. Na wengi wa wanafunzi wale wakarudishwa masomoni katika mwaka huo wa 1967.

Ikapita miaka kumi na kitu. Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi wa chuo hicho hicho wakaandamana tena. Safari hii walipinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Waone ajabu ya mambo! Mwaka 1966 walilaumiwa kwa kujitakia makubwa wao wenyewe. Mwaka 1978 walikuwa wakiwahesabia wakubwa wao. Wakazuiwa na polisi, na zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni. Kisha mwezi wa Mei 1990 chuo kizima kikafungwa na serikali, na hakikufunguliwa mpaka mwanzoni mwa 1991.

Tukivuka mpaka kwenda Kenya, tunaona kuwa baada ya jaribio la kuipindua serikali lililofanywa na askari wa jeshi la anga tarehe 1 Agosti 1982, wanafunzi waliotoka barabarani kushangilia waliwaponza hata wenzao waliokuwa wamelala vitandani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na hakikufunguliwa ila mwezi wa Oktoba 1983. Zaidi ya mwaka mzima ulifutika katika umri wa vijana wale. Na Jumapili ya tarehe 10 Februari 1985 wanafunzi walikusanyika katika uwanja wa michezo wa chuo hicho kwa ajili ya maombi, baada ya wenzao kadhaa kufukuzwa. Askari wakaingia wakawatawanya kwa nguvu, wengi wakaumia, na serikali yenyewe ikakiri kuwa mwanafunzi mmoja alikufa.

Na huko Uganda, Desemba 1990, wanafunzi wa Makerere, chuo kilichoasisiwa mwaka 1922 na kilichowalea wasomi wa Afrika Mashariki yote, waligoma kwa sababu ya kuondolewa posho zao. Wawili wao waliuawa kwa risasi za polisi. Walitoka makwao kwenda kutafuta shahada, wakarudishwa ndani ya majeneza.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya kale. Mwezi wa Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma walitakiwa waondoke chuoni kwa muda mfupi sana, baada ya walimu wao kusita kufundisha kwa sababu ya malipo. Vijana hao hawakugoma wao, wala hawakurusha jiwe. Wengi walibaki vituo vya mabasi na mizigo yao, hawana nauli. Baadaye wengi wao walipelekwa katika vyuo vya ualimu kuendelea, lakini usiku ule wa kituoni hakuna awezaye kuwarudishia. Na mwezi wa Februari 2018, jijini Dar es Salaam, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa chama cha siasa, risasi ilimpata msichana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Akafa pale pale alipokuwa amekaa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 25, Mola wetu anatuhadharisha na fitina ambayo ikija haiwapati wale waliodhulumu peke yao. Binti yule wa daladala ni tafsiri ya aya hiyo kwa macho yetu.

Sasa tunauliza: Je, ni ipi dawa ya maradhi haya? Tunaitafuta kwa Mtume wetu (S.A.W.).

Imepokewa kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kwamba Mtume aliwapigia watu mfano wa abiria wa chombo cha baharini. Walipiga kura ya mahali pa kukaa, wengine wakapata juu na wengine wakapata chini. Wale wa chini walipotaka maji walikuwa hawana budi kupanda na kuwapita wale wa juu. Wakaona kuwa wanawaudhi, wakasema: lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu wenyewe, tukapata maji bila ya kumsumbua mtu! Mtume akabainisha kuwa watu wa juu wakiwaacha wafanye hivyo, wote wataangamia. Na wakiishika mikono yao, wataokoka wote pamoja.

Sisi watu wa pwani tunaujua mfano huu kuliko wengine, kwa kuwa babu zetu walisafiri kwa majahazi mpaka Maskati na Hadhramaut. Tunajua kuwa maji yakiingia chini hayamuulizi nahodha cheo chake.

Aghalabu hadithi hii husimuliwa kwa kumlaumu mtu wa chini aliyeshika shoka. Na lawama hiyo ni ya haki, kwani hapana udhuru wa kutoboa chombo kilichobeba roho za watu. Lakini tuitazame tena kwa utulivu. Mtu yule hakuanza na shari. Alianza na kiu. Na kiu si kosa. Tena alikuwa akipanda na ndoo yake kwa adabu, safari baada ya safari, mpaka alipoona kuwa wa juu wanachukizwa kwa kupita kwake. Hapo ndipo shoka lilipomjia mkononi. Basi mwenye kutaka kuliokoa jahazi ana wajibu wa namna mbili: kuushika mkono wenye shoka, na kuiuliza ile kiu. Anayeshika mkono tu, wala asitoe maji, atakesha akishika mikono mpaka achoke. Na anayeisikitikia kiu tu, akaacha tundu litobolewe, atazama pamoja na huruma yake.

Katika historia tuliyoitaja, karibu kila mgomo ulikuwa na kiu ndani yake: chakula kibaya, posho iliyochelewa, mwenzao aliyefukuzwa bila ya kusikilizwa, wakubwa wanaojiongezea wakati raia wanafunga mikanda. Na karibu kila mgomo ulipata mtu mwenye shoka.

Kwa hiyo tuna maneno kwa watu wa chini, na tuna maneno kwa watu wa juu.

Tunaanza na nyinyi vijana wetu, wanafunzi wa vyuo vikuu. Tunajua kuwa baadhi yenu mnatusikiliza, na wengine mtasimuliwa na wazee wenu. Hatukuambieni kuwa kusema ni haramu. Atakayekwambieni kuwa Uislamu unawataka watu wanyamaze mbele ya dhuluma, hakuisoma dini yake vizuri. Mtume (S.A.W.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi zilizo bora. Bwana Abubakar (R.A.), siku aliyopewa ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Basi semeni. Lakini angalieni mambo matatu.

La kwanza ni kuhakikisha habari. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tupeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukaamkia majuto. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu, kutoka bweni moja mpaka bweni la pili, na huenda ukachoka njiani. Leo unatembea kwa simu ya mkononi, na kabla ya Sala ya Alasiri umekwisha kufika nchi nzima. Mwanafunzi mmoja akaandika kuwa mwenzao ameuawa, na kumbe yuko hospitali anakunywa uji. Lakini mpaka ijulikane hivyo, maktaba imekwisha kupigwa mawe.

La pili ni ulimi. Mwenyezi Mungu alipomtuma Nabii Musa na nduguye Harun kwa Firauni, aliyekuwa dhalimu wa madhalimu, aliwaamrisha waseme naye kwa upole. Hakuna mwanafunzi aliye bora kuliko Musa, wala hakuna mkuu wa chuo aliye muovu kuliko Firauni. Kumbukeni lile bango la 1966. Vijana wale walikuwa na hoja juu ya mishahara, hoja ambayo Rais mwenyewe aliitekeleza kwa kujikata mshahara. Lakini neno la kuutukuza ukoloni, mbele ya watu waliotoka katika ukoloni miaka mitano tu iliyopita, liliwaziba watu masikio. Neno baya humharibia haki yake mwenye haki.

La tatu ni mkono. Katika vita vya Uhud Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 mlimani, akawaamrisha wasiondoke vyovyote itakavyokuwa. Wengi wao walipoona ushindi umekaribia, waliacha mahali pao wakateremka. Mambo yakageuka, na Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi, akiwemo Bwana Hamza, ami yake Mtume. Wapiga mishale wale hawakukosa ushujaa. Walikosa subira ya kusimama mahali pao. Na Mtume ametufundisha kuwa mwenye nguvu hapimwi kwa kuwaangusha watu, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Basi mwenye gari linalopita barabarani ana kosa gani hata likavunjwa kioo chake? Mwenye kibanda cha chai nje ya lango la chuo amemdhulumu nani? Na vitabu vya maktaba, je, vimewafukuza? Mali ya chuo ni kama wakfu. Wamiliki wake ni pamoja na mtoto ambaye hajazaliwa.

Na jihadharini, enyi vijana, na mwanasiasa anayekupendeni siku ya mgomo tu. Mkiwa na njaa haji. Mkifaulu hapeani mkono nanyi. Lakini mawe yakianza kuruka, anapeleka ujumbe wa kukutieni moyo kutoka nyumbani kwake, na watoto wake mwenyewe wanasoma Ulaya na Marekani. Muulizeni: mtoto wako yuko mstari wa ngapi?

Sasa tunakuja kwenu nyinyi mlio juu: wakuu wa vyuo, wenye serikali, na wenye silaha mikononi. Tunakuombeni mtusikilize kama tulivyowataka vijana wasikilize.

Katika mwaka wa 3 wa Hijra, zilipofika habari kuwa Makureshi wanaijia Madina, Mtume (S.A.W.) aliwakusanya Masahaba zake akawataka shauri. Rai yake yeye ilikuwa wabaki ndani ya mji. Vijana, na hasa wale ambao hawakuwahi kuhudhuria Badri, wakashikilia kutoka nje kupambana. Mtume anayeteremshiwa wahyi aliwasikiliza vijana, akaifuata rai yao, akavaa nguo za vita. Matokeo yake tumekwisha kuyataja. Lau angekuwa mkubwa wa leo, angesema: Vijana tumewasikiliza na wametuponza, tangu leo wasiulizwe tena. Lakini aya ya 159 ya Sura ya Aal Imran, iliyoteremka baada ya msiba huo, ilimwamrisha Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Baada ya makosa yao! Ikiwa mashauriano hayakukatwa hata baada ya kuuawa watu 70, itakuwaje yakatwe kwa sababu ya mwanafunzi aliyepayuka katika mkutano?

Msingojee mgomo ndipo muwaite vijana. Fedha ya kujikimu, ile wanayoiita boom, ikichelewa, waambieni mapema sababu yake na siku yake. Mwenye njaa aliyeambiwa ukweli husubiri; mwenye njaa aliyefanywa mjinga hukasirika.

Kisha msiadhibu wote kwa kosa la wachache. Qur'ani Tukufu imekariri pahala pengi kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Kufunga chuo kizima na kuwafukuza maelfu kwa usiku mmoja, akiwamo binti wa watu asiye na jamaa mjini wala nauli, ni kumbebesha asiye na kosa mzigo wa mwenye kosa. Mwenye kosa na ajulikane, aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, ndipo ahukumiwe. Hata Iblisi aliulizwa na Mola wake kwa nini hakusujudu, kabla ya kufukuzwa. Sembuse mwana wa Adamu?

Na juu ya damu, hatuna la kupunguza. Sura ya Al-Maida, aya ya 32, imefananisha kuiua nafsi moja bila ya haki na kuwaua watu wote. Kijana aliyerusha jiwe anastahili adabu ya sheria, hastahili risasi. Kioo hununuliwa dukani. Roho hainunuliwi popote. Askari aliyeamrishwa kufyatua na ajue kuwa Siku ya Kiama hatasimama pamoja na mkubwa wake aliyemwamrisha, bali atasimama peke yake.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu kwa neema zisizohesabika, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, limebaki neno kwa watu wa katikati, nao ni wazee, wahadhiri na Maimamu. Kwani katika lile jahazi hawakuwamo wenye shoka na wenye kuudhika tu. Walikuwamo pia waliokaa ngazini, waliokuwa wakiwaona wote wawili.

Enyi wazazi, msiwapokee watoto wenu waliofukuzwa kwa matusi kabla ya kuwauliza. Wala msiwapokee kwa vigelegele kabla ya kuwauliza. Mwekeni mtoto mbele yako, mpe chakula, kisha mwambie: Mwanangu, nieleze ukweli, ulifanya nini na ulitendewa nini? Huenda wewe ukawa mtu wa kwanza kumwuliza swali hilo tangu fitina ilipoanza.

Enyi wahadhiri, ukweli mnaousema katika vyumba vyenu vya kunywea chai, usemeni pia mbele ya wakuu. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake ni mwoga, hujifunza kuwa hakuna njia ya maneno, na kwamba imebaki njia ya mawe.

Enyi Maimamu na masheikh, Sura ya Al-Hujurat imetuwekea wajibu wa kusuluhisha baina ya wanaogombana, na kusuluhisha kwa uadilifu. Kila chuo kikuu kina msikiti ndani yake au karibu yake. Msikiti huo usiwe mahali pa kuchochea, wala usiwe mahali pa kujificha. Uwe mahali ambapo mkuu wa chuo na kiongozi wa wanafunzi wanaweza kuketi juu ya mkeka mmoja kabla ya askari kuitwa. Na ikiwa mmoja wao si Mwislamu, tafuteni pamoja na mapadri na wachungaji mahali pengine pa kuketi. Kwani kijana anayepigwa hapigwi kwa jina la dini yake, na mama zao hulia kilio kimoja. Tena tujihadhari na mwenye kuugeuza ugomvi wa posho ukawa ugomvi wa misikiti na makanisa. Huyo hatafuti maji. Huyo anataka chombo kizame.

Na Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuwachukia watu hata chuki hiyo ikatutoa katika uadilifu. Amri hii ni ya mwanafunzi anayemchukia askari, na ni ya askari anayemchukia mwanafunzi. Huenda mmoja ni kaka na mwingine ni mdogo wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nyanyueni mikono yenu kwa unyenyekevu.

Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu walioko katika vyuo vikuu, na uwazidishie elimu yenye manufaa. Uzitulize nyoyo zao wakati wa ghadhabu, na uzitie nguvu wakati wa kusema haki.

Ewe Mola, waongoze wale uliowapa mamlaka juu yetu, uwape masikio ya kuwasikia wadogo na nyoyo za kuwahurumia, na uizuie mikono yao na damu isiyo na hatia.

Ewe Mola, warehemu waliokufa katika fitina hizi, waliokuwa na madai na waliokuwa wapita njia, na uwape subira wazazi wao ambao mpaka leo wanazo daftari zao makabatini.

Ewe Mola, tujaalie sisi tulio katikati tusiwe watazamaji. Utupe ujasiri wa kuushika mkono wenye shoka, na utupe ukarimu wa kuteremsha maji. Utufikishe bandarini sote, wa juu na wa chini, hali ya kuwa salama.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hakika Mola wenu anaamrisha uadilifu na hisani, na anakataza uchafu na dhuluma. Basi mkumbukeni, naye atakukumbukeni. Mshukuruni kwa neema zake, naye atakuzidishieni. Simameni kwa ajili ya Sala.